Ada za Ovadrafti: Unalipia Nini Akaunti Inapoingia Hasi

Mama mmoja alifika kwenye dawati letu la malalamiko akiwa na taarifa ya akaunti yake ya mwezi uliotangulia, kurasa mbili tu, na kabla hajaketi alikuwa ameshaweka kidole kwenye mstari uliomleta. Alikuwa amenunua dawa kwa kadi, salio likapelea kidogo, benki ikalipa kilichopungua, kisha ikamkata ada iliyozidi bei ya dawa zenyewe. Siku mbili baadaye mshahara uliingia na deni likajilipa, lakini ada haikurudi. Mama yule hakuwa anakana deni. Alitaka kuelezwa kwa nini mkopo ambao hakuuomba, uliodumu siku mbili, umemgharimu kuliko mkopo wowote aliowahi kuuchukua. Nimelisikia swali hilo kwa watu wengi, na ninaamini hasira iliyomo ndani yake ina msingi. Mtu anayeuelewa msingi huo hudai haki yake kwa nguvu zaidi kuliko anayelalamika tu.

Ovadrafti ni mkopo. Benki inaporuhusu fedha zitoke kupita salio lililopo, inakuwa imemkopesha mwenye akaunti kiasi kilichozidi. Utaratibu huu ni wa kale: mwaka 1728, Royal Bank of Scotland ilimruhusu mfanyabiashara mmoja wa Edinburgh, William Hogg, kuchukua hadi pauni 1,000 zaidi ya fedha alizokuwa nazo, ili aweze kuwalipa waliokuwa wakimdai wakati akisubiri wateja wake wamlipe yeye. Katika mpango ule mkopaji alijua kwamba anakopa, na alijua kikomo chake. Ovadrafti ya makubaliano tunayoijua leo ni mtoto wa mpango huo, na kwa mfanyabiashara au mfanyakazi ambaye mapato yake huchelewa siku chache inaweza kuwa msaada mkubwa.

Malalamiko mengi yanatoka kwenye aina ya pili, yaani ovadrafti isiyo na makubaliano. Hapa mteja hajaomba chochote. Malipo yamekuja, fedha hazitoshi, na benki imechagua ama kuyalipa na kutoza ada, ama kuyakataa na, mara nyingi, kutoza ada vilevile kwa kuyakataa. Mkopo wa kawaida hupimwa kwa vitu viwili: kiasi kilichokopwa na muda kilipokaa kwa mkopaji. Ada ya mkupuo haipimi kimojawapo. Aliyepelea kidogo kwa saa chache na aliyepelea sana kwa wiki nzima hukatwa sawa, na kwa hiyo mzigo mkubwa zaidi humwangukia aliyekopa kidogo zaidi.

Ukubwa wa mzigo huo unaonekana vizuri ukiigeuza ada kuwa riba. Mwaka 2014, CFPB, ofisi ya serikali ya Marekani inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha, ilichunguza akaunti za benki kubwa na kukuta kwamba ada nyingi za ovadrafti kwenye kadi zilitokana na malipo ya dola 24 au chini ya hapo, na kwamba madeni mengi yalilipwa ndani ya siku tatu. Ada ya kati ilikuwa dola 34. Anayekopa dola 24 kwa siku tatu na kulipa dola 34 juu yake anakuwa amekopa kwa riba inayozidi asilimia 17,000 kwa mwaka. Ningependa kila msomaji afanye hesabu hiyo kwa taarifa yake mwenyewe: gawanya ada kwa kiasi ulichopelea, zidisha kwa 365, gawanya kwa idadi ya siku ulizokuwa hasi, kisha zidisha kwa 100. Jibu ni riba yako ya mwaka kwa asilimia, na hiyo ndiyo namba ya kuweka mbele ya ofisa wa benki.

Kibaya zaidi, ada hizi huzaliana, na namna zinavyozaliana mteja wa kawaida haoni. Chukua akaunti yenye salio la 1,000. Asubuhi mwenyewe anafanya malipo manne madogo ya kadi, 30, 40, 50 na 60, na jioni yanaingia malipo makubwa ya 980. Yakihesabiwa kwa mpangilio yalivyofanyika, yale manne yanapita bila tatizo na salio linabaki 820. Malipo ya jioni ndiyo yanayoiingiza akaunti kwenye hasi ya 160, na mteja anatozwa ada moja. Sasa tuseme usiku mashine za benki zinayapanga upya kuanzia makubwa kwenda madogo. Yale 980 yanakatwa kwanza, salio linabaki 20, na kila moja ya yale manne linakuta akaunti haitoshi. Deni ni lilelile, hasi 160, siku ni ileile, lakini ada zimekuwa nne.

Mfano huo haukutungwa ofisini. Mwaka 2010, jaji wa mahakama ya shirikisho katika jimbo la California aliiamuru benki ya Wells Fargo irudishe takriban dola milioni 203 kwa wateja wa jimbo hilo kwa sababu ya upangaji wa aina hii, na mwaka uliofuata Bank of America ilikubali kulipa dola milioni 410 kumaliza kesi iliyogusa jambo hilohilo. Utetezi wa benki ulikuwa kwamba malipo makubwa ndiyo muhimu zaidi kwa mteja, kama vile kodi ya nyumba, hivyo ni vema yatangulie. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama malipo madogo yangekataliwa. Lakini yote yalilipwa, makubwa kwa madogo, kwa hiyo mteja hakupata faida yoyote kutokana na mpangilio huo.

Kuna mtego mwingine ambao hata watu makini sana na fedha zao hunaswa nao. Unapolipa kwa kadi, benki huangalia salio na kuidhinisha malipo papo hapo, lakini fedha zenyewe zinaweza kuondoka kwenye akaunti siku moja au mbili baadaye. Katikati hapo malipo mengine yanaweza kuingia na kulipunguza salio. Hivyo mtu anaangalia simu yake, anaona fedha zinatosha, ananunua, benki inakubali, na bado anatozwa ada kwa kununua wakati fedha hazitoshi. Hii ndiyo sababu taarifa ya akaunti huonyesha salio la kitabuni, yaani fedha kabla ya kutoa malipo yaliyoidhinishwa lakini hayajakatwa, na salio linalopatikana, yaani kinachobaki baada ya kuyatoa, na ndiyo sababu mteja anapaswa kuuliza benki yake inatumia lipi kati ya hayo mawili kuamua ada, na kwa wakati gani.

Baada ya hapo ada yenyewe hukatwa kwenye fedha za kwanza zinazoingia. Mwenye mshahara mdogo anaanza mwezi mpya akiwa amepungukiwa kwa kiasi cha ada za mwezi uliopita, na kwa sababu hiyo anaingia hasi mapema zaidi. Utafiti wa CFPB wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba asilimia 9 tu ya akaunti zilizochunguzwa zililipa asilimia 79 ya ada zote za ovadrafti na za malipo yaliyokataliwa. Nchini Uingereza, mamlaka ya FCA inayosimamia mienendo ya taasisi za fedha ilikuta kwamba mwaka 2016 zaidi ya nusu ya ada za ovadrafti zisizo na makubaliano zilitoka kwa asilimia 1.5 ya wateja. Takwimu hizi zinanihuzunisha kuliko kiwango chochote cha ada, kwa sababu zinaonyesha kwamba hatuzungumzii makosa madogo ya watu wengi waliosahau salio, bali watu wachache walewale wanaokatwa mwezi baada ya mwezi.

Hapo ndipo neno "akaunti ya bure" linapohitaji kufafanuliwa. Kutunza akaunti kuna gharama: matawi, mashine za kutolea fedha, kadi, wafanyakazi, ulinzi dhidi ya wizi. Benki isipotoza ada ya mwezi, gharama hizo hulipwa kutoka mahali pengine. Kesi kubwa iliyofikishwa katika Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2009 ililiweka jambo hili wazi kabisa. Kabla ya kesi hiyo, maelfu kwa maelfu ya wateja walikuwa wameziandikia benki barua na kwenda mahakama za madai madogo wakidai ada za miaka sita nyuma, ada ambazo zilifika hadi karibu pauni 40 kwa tukio moja, na mara nyingi benki zilichagua kuwarudishia fedha kabla shauri halijasikilizwa. Julai 2007 wakala wa serikali uliokuwa ukilinda ushindani na watumiaji ulifungua shauri la mfano dhidi ya taasisi nane, na madai ya watu binafsi yakasimamishwa kusubiri matokeo.

Wateja walishinda katika Mahakama Kuu na katika Mahakama ya Rufani. Tarehe 25 Novemba 2009 walishindwa katika Mahakama ya Juu, na sababu ya kushindwa inafaa kueleweka sawasawa. Majaji hawakusema kwamba ada zile ni za haki. Walisema ada hizo ni sehemu ya bei ya huduma nzima ya akaunti, na kwamba sheria ya mikataba isiyo ya haki iliyotumika wakati huo haikuruhusu bei kupimwa kama inalingana na huduma iliyotolewa. Miongoni mwa mambo yaliyokuwa mbele yao ni kwamba ada hizo zilikuwa zaidi ya asilimia 30 ya mapato ambayo benki zilipata kutoka kwa wateja wa akaunti za kawaida za watu binafsi. Kwa maneno mengine, karibu theluthi ya mapato hayo ilitoka kwa waliopungukiwa, na waliokuwa na salio la kutosha walihudumiwa bila ada ya moja kwa moja.

Lililoshindikana mahakamani lilifanywa baadaye kwa kanuni. Kuanzia Aprili 2020, FCA ilipiga marufuku ada za mkupuo kwenye ovadrafti, ikazuia ovadrafti isiyo na makubaliano isiwe ghali kuliko ile ya makubaliano, na ikataka bei itajwe kwa riba moja ya mwaka. Ni lazima niseme pia kwamba hatua hiyo ilikuwa na gharama zake: benki kubwa kadhaa zilipandisha riba ya ovadrafti ya makubaliano hadi karibu asilimia 40, na baadhi ya wateja waliokuwa wakilipa kidogo walianza kulipa zaidi. Pamoja na hayo naiunga mkono, kwa kuwa asilimia 40 kwa mwaka inaweza kulinganishwa na mkopo mwingine wowote, na aliyepelea kidogo kwa siku mbili hulipa kidogo kwa siku mbili.

Marekani njia imekuwa na vikwazo zaidi. Tangu mwaka 2010 benki haziruhusiwi kutoza ada ya ovadrafti kwenye mashine za kutolea fedha na kwenye manunuzi ya mara moja ya kadi mpaka mteja awe ametoa ridhaa, ingawa hundi na malipo ya moja kwa moja ya kila mwezi hayakuingizwa. Desemba 2024 CFPB ilitoa kanuni ambayo ingezifanya benki kubwa zichague kati ya ada ya dola 5, ada isiyozidi gharama zao halisi, au kuitendea ovadrafti kama mkopo kamili wenye masharti ya mikopo. Bunge la nchi hiyo liliifuta mwaka 2025 kabla haijaanza kutumika.

Kwa kuwa kanuni huja na kuondoka, mteja aanze na mkataba wake. Ulizia kama uliwahi kutoa ridhaa ya ovadrafti kwenye kadi. Wengi waliitoa siku ya kufungua akaunti, kwa kutia alama kwenye fomu waliyoisoma haraka, na mara nyingi inaweza kuondolewa kwa ombi la maandishi. Ikishaondolewa, kadi itakataliwa dukani fedha zisipotosha. Ni fedheha ya dakika moja, nakubali, lakini kwa manunuzi madogo ni nafuu kuliko ada. Omba pia ujumbe wa simu unaotumwa salio linaposhuka chini ya kiwango unachokichagua, na uhamishe tarehe za malipo ya kudumu zije baada ya siku ya mshahara badala ya kabla yake.

Kama ada zimeshakatwa, chukua taarifa za miezi 12, wekea alama kila ada, na andika pembeni kiasi ulichopelea na siku ulizokuwa hasi. Kisha iandikie benki barua. Usiiandike kwa matusi, wala usiombe huruma peke yake. Taja tarehe na kiasi cha kila ada, omba uelezwe malipo yalipangwa kwa utaratibu gani siku hiyo, omba kifungu cha mkataba kilichotumika, na useme unataka zirudishwe zipi. Kama kipato chako kimepungua, kwa ugonjwa au kupoteza kazi, liandike waziwazi, kwa sababu benki nyingi zina utaratibu maalumu kwa wateja walio katika shida ya fedha na hazitautumia bila kuambiwa. Bakiza nakala yenye mhuri wa kupokelewa, na andika jina la aliyeipokea. Muda wa kujibu uliowekwa na sheria ukipita, au jibu lisipogusa ulichouliza, peleka nakala hiyohiyo kwa msuluhishi wa malalamiko ya kibenki au kwa mamlaka inayosimamia benki.

Mama yule aliandika barua yake palepale kwenye dawati letu, nusu ukurasa, na hesabu ya riba ikiwa mstari wa tatu. Benki ilimrudishia ada ile baada ya wiki tatu. Haikueleza kwa nini iliikata, na kwa sababu hiyo ameandika barua ya pili.