Kifafa Kimetulia, Kwa Nini Nisiache Dawa?

Kifafa ni nini?
Ni ugonjwa wa ubongo. Seli za neva huwasiliana kwa umeme; kifafa kikishika, kundi kubwa la seli hufyatua umeme kwa pamoja. Mtu huanguka na kukakamaa, au huduwaa tu kwa muda mfupi. Hakiambukizi, wala povu lake haliambukizi. Msimkimbie mgonjwa.

Umeme huo unatoka wapi?
Seli ikitulia, ndani yake ni hasi kuliko nje kwa takribani milivolti 70. Ikichochewa, vijilango kwenye utando wake hufunguka, sodiamu yenye chaji chanya ikamiminika ndani, kisha potasiamu ikatoka na hali ikarudi. Yote hayo kwa muda wa kama milisekunde moja. Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Uingereza waliyaeleza kwa milinganyo, baada ya kupima neva nene ya ngisi. Milinganyo hiyo ingali msingi wa kuchunguza kwa kompyuta jinsi seli zinavyoamshana.

Dawa inafanya nini?
Fenitoini na kabamazepini huchelewesha vijilango vya sodiamu kuwa tayari tena, ili seli isifyatue mfululizo. Hufanya hivyo zikiwemo mwilini tu. Zikiisha, vijilango vinarudia mwendo wake wa zamani.

Sijaanguka miezi mingi. Si nimepona?
Hapana. Hujaanguka kwa sababu unameza dawa! Tunachoka kupokea watu walioacha vidonge kwa kuwa "wamepona": ulimi umechanika ubavuni, nguo zimelowa mkojo, ndugu wanashangaa imekuwaje.

Nikiruka siku chache tu?
Hapana. Ukikatiza ghafla, kifafa kinaweza kuja mfululizo bila mgonjwa kuzinduka, na hicho kinaua.

Nipunguze mwenyewe polepole?
Hapana pia. Na vidonge vikikaribia kuisha, usingoje tarehe ya kliniki. Njoo mapema.

Kwa hiyo ni dawa maisha yote?
Si lazima. Baada ya angalau miaka 2 bila kuanguka, daktari anaweza kufikiria kupunguza, taratibu, kwa miezi. Uamuzi huo mfanye pamoja naye.

Mtu akianguka tufanyeje?
Ondoeni vitu vya kumuumiza, mlazeni ubavu, legezeni nguo shingoni, angalieni saa. Msimbane, na tafadhali, msimtie kijiko wala chochote mdomoni; mnamvunja meno. Zikipita dakika 5, au akirudia kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali.