Riwaya Inapohamishiwa Kwenye Runinga: Maana Yake na Kinachobadilika

Kuhamishia riwaya kwenye runinga ni kazi ya kuchukua kisa kilichoandikwa ili kisomwe na kukitunga upya ili kionekane na kisikike. Si kukifupisha tu, ingawa ufupisho haukwepeki, wala si kuwagawia waigizaji mazungumzo yaliyomo kitabuni. Mtunzi wa mswada huamua upya nani asimulie, mtazamaji ajue nini na kwa wakati gani, na lile ambalo mwandishi amelisema kwa maneno lionyeshwe kwa kitu gani. Wasomaji wa Unguja na Pemba waliosoma Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, kisha wakaitazama filamu yake ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Amil Shivji, wanalijua jambo hili vyema: kitabu cha siku kadhaa kimekuwa filamu ya saa moja na nusu hivi, na lazima yapo yaliyoachwa njiani.

Ugumu huzidi riwaya inapokuwa imejengwa juu ya hekaya, hasa hekaya iliyozoeleka kusimuliwa kwa upande wa wanaume. Mfano mzuri ni The Mists of Avalon ya Marion Zimmer Bradley, iliyochapishwa Marekani mwaka 1983. Habari za Mfalme Arthur, mfalme wa hekaya za Uingereza, zilikuwa zimeshasimuliwa kwa karne nyingi kama habari za mashujaa, mapanga na meza ya duara. Bradley aliwapa usemi mama yake Arthur, mkewe, na zaidi ya wote Morgaine, dada yake wa mama mmoja, ambaye masimulizi mengi ya zamani yalimfanya mchawi wa kuogopwa. Wasomaji hawakukipenda kitabu hicho kwa sababu ya matukio, maana mengi waliyajua tangu utotoni. Walikipenda kwa sababu ya anayeyasema na namna anavyoyaelewa.

Mwaka 2001 kituo cha runinga cha Marekani, TNT, kiliirusha riwaya hiyo ikiwa tamthilia ya sehemu mbili, mwongozaji akiwa Uli Edel, Julianna Margulies akiwa Morgaine na Anjelica Huston akiwa Viviane, Bibi wa Ziwa. Kitabu chenye kurasa zaidi ya 800 kilibanwa ndani ya saa tatu hivi. Waandaaji walimbakisha Morgaine kuwa msimulizi, na huo, kwa maoni yangu, ndio uamuzi uliowaokoa, kwa sababu kamera ikiachiwa yenyewe hupenda kumfuata mwenye upanga. Kilichopungua ni ile hali ya mambo kukolea polepole. Katika kitabu, nguvu za wanawake wa Avalon, kisiwa kitakatifu kilichofichwa na ukungu, zimo katika mafunzo ya miaka mingi, katika ukimya, kufunga na kujua mimea, na msomaji huziona zikimwingia Morgaine ukurasa baada ya ukurasa. Runinga haina subira hiyo, hivyo kinachobaki zaidi ni kile cha kutazamika: mikono inainuliwa, ukungu unapisha.

Ili dhana hii ionekane kwa karibu, tuchukue hekaya ya hapa kwetu. Kusini-mashariki ya Chake Chake, Pemba, yapo magofu ya ngome ya Pujini, yanayohesabiwa kuwa ya karne ya 15 au ya 16, na wasimulizi huyanasibisha na mtawala aliyeitwa Mkama Ndume, ambaye hadi leo hutajwa kwa ukatili wake. Ndani ya ngome kipo kisima, na kisa chake ni kwamba bwana huyo alikuwa na wake wawili wenye kuoneana wivu hata akakigawa kwa ukuta ili wasikutane: mmoja akiteka kwa ndoo na kamba kutoka juu, mwengine akishuka kwa ngazi hadi kwenye maji. Tuseme mwandishi ametunga riwaya inayosimuliwa na yule wa kwenye ngazi. Kurasa nzima zinaweza kupita akiwa amekaa chini pale, akiwaza kwa nini amchukie mtu ambaye hajawahi kupewa nafasi ya kuzungumza naye.

Mawazo hayo hayapigiki picha. Mtunzi wa mswada atayatafutia sauti: ndoo ya mwenzake inagonga maji upande wa pili, na mwanamke anasita, mguu mmoja ukiwa bado juu ya ngazi. Siku nyengine ndoo haisikiki, naye anaitegea sikio. Kamera haivuki ukuta, na uso wa mke mwenza hauonyeshwi mpaka hadithi iwe imeshafika mbali. Hivyo maji yenyewe, ambayo mume aliyagawa kwa ukuta wake lakini hakuweza kuwazuia wote wawili wasiyasikie, yanakuwa mazungumzo yao. Mwandaaji mwenye haraka angeanza na Mkama Ndume akiwasimamia wabeba mawe, na tangu hapo riwaya ingekuwa imeshanyang'anywa mwenyewe, hata kama kila tukio limefuatwa.

Lipo pia suala la siri. Ujuzi wa kungwi na somo, ambao Zanzibar umekuwa mamlaka ya wanawake kwa vizazi, una uzito kwa sababu haumwagwi mbele ya kila mtu. Mwandishi anaweza kuandika kwamba msichana alifundwa, akaendelea na kisa. Kamera hulazimika kuchagua kuwa ndani ya chumba au nje ya mlango. Mimi ningeiweka nje, ngoma isikike, na mwari aonekane akitoka, mtazamaji ajionee mwenyewe kilichobadilika katika mwendo wake.

Kuhusu haki, jambo ni jepesi kidogo kulieleza. Kisima cha Pujini na wake wake wawili ni hekaya ya wasimulizi wote, si ya mwandishi mmoja. Riwaya iliyotungwa juu yao ina mwenyewe, na Zanzibar inayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003. Ruhusa ya mwandishi hutakiwa kabla ya mswada kuanza, na ni vizuri mkataba useme wazi kama atausoma mswada huo na kama jina la msimulizi wake linaweza kubadilishwa bila ya kuulizwa.