Kabla hujasema "kabila lile ni wezi", soma yaliyotokea Chicago

Jamani hii kauli ya kwamba watu wa kabila fulani ndo wezi kwa asili naisikia kila tukitoa elimu mitaani, na sisi tunaosoma sosholojia ya uhalifu hatuwezi kuinyamazia maana inaumiza watoto wasio na kosa lolote.

Clifford Shaw na Henry McKay, wanasosholojia wa Marekani, walichukua mafaili ya mahakama ya watoto ya Chicago kuanzia mwaka 1900 mpaka miaka ya 1930, wakamuweka kila dogo aliyeshtakiwa kwenye ramani, pale anapoishi. Kesi zimejaa karibu na katikati ya mji, kwenye nyumba mbovu za kupanga zilizobanana na viwanda, ukizidi kwenda nje zinapungua. Sasa sikia, mwanzoni pale wanakaa Wajerumani na Waairishi, wakahama wakaja Wapolandi na Wataliano, halafu watu weusi kutoka majimbo ya kusini, yaani wakazi wamebadilika karibu wote lakini mtaa ni ule ule na kesi ni zile zile, na waliofanikiwa kuhamia kwenye unafuu kesi za watoto wao zikapungua. Ingekuwa iko kwenye damu si wangehama nayo?

Shaw na McKay walisema shida ni mtaa wenyewe: umaskini, watu wanaingia na kutoka kila siku, hakuna anayemjua mtoto wa jirani kiasi cha kumkemea, wakubwa wanawafundisha wadogo kuiba.

Ila mafaili ya mahakama yanaonyesha waliokamatwa tu, na polisi doria wanapiga zaidi kwa maskini. Na matajiri nao wanavunja sheria: mwanasosholojia mwingine, Edwin Sutherland, mwaka 1949 alitoa kitabu kuhusu makampuni makubwa 70 ya Marekani na yote, narudia yote, yalishawahi kukutwa na makosa, ila majina ya makampuni yakaondolewa kitabuni kwa kuogopa kushtakiwa na yakaja kutoka 1983. Mwizi wa kuku jina lake linatangazwa siku hiyo hiyo!

Shaw hakuishia kwenye ramani. Miaka ya 1930 alianzisha mradi Chicago ambapo wakazi wenyewe waliunda kamati za mtaa, wakaajiriwa watu wa hapo hapo, hata waliotoka jela, wakae na vijana, wawaombee kwa polisi na shuleni. Mradi huo upo mpaka leo.