Nyota zenye sumaku: tunavyodhani na jinsi zilivyo

Watoto wa mtaa wetu hapa Goma huvunja spika za redio mbovu, wakatoa sumaku, wakaiburuta kwenye mchanga mweusi wa volkano. Ikiinuliwa, imeota ndevu za chembe nyeusi. Basi wakisikia kwamba nyota ina sumaku, jibu lao liko tayari: ndani yake kuna chuma. Watu wazima nao wananijibu hivyohivyo.

Dhana: ndani ya nyota kuna chuma cha sumaku.
Sumaku hiyo ya spika ikisahaulika kwenye makala mekundu ya mbabula, nguvu zake zinakwisha. Chuma chenyewe hupoteza usumaku kikifika nyuzi 770 hivi za Selsiasi. Uso wa Jua una takriban 5,500. Sumaku ya nyota ni kazi ya umeme unaopita katika gesi yake.

Dhana: nyota huzunguka yote kwa pamoja, kama gurudumu la chukudu.
Ikweta ya Jua humaliza mzunguko kwa siku 25 hivi, sehemu za karibu na ncha kwa siku 35 hivi. Mitetemo ya Jua imeonyesha kuwa tofauti hiyo inashuka hadi chini ya tabaka la gesi inayochemka, karibu theluthi ya safari ya kwenda kitovuni. Chini ya hapo mwendo unakaribia kuwa mmoja. Nguvu ya sumaku imenasa katika gesi, kwa hiyo ikweta inapotangulia inaivuta na kuiviringisha kama uzi. Huko ndiko yanakoanzia madoa ya Jua, yale mabaka meusi ya usoni pake.

Dhana: sumaku kali, mzunguko wa kasi.
Wakati mwingine ni kinyume, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Sumaku hushika gesi inayopeperuka kutoka kwenye nyota, na gesi hiyo huondoka na sehemu ya mzunguko wa nyota. Nyota iitwayo Gamma Equulei inakadiriwa kuchukua karibu karne nzima kujizungusha mara moja!

Tena sumaku kali hutuliza gesi ya juu, hata elementi zikajitenga na kukusanyika kwa mabaka. Katikati ya Mei, saa tatu usiku, tazameni kaskazini, upande wa mlima Nyiragongo. Kuna nyota saba zenye umbo la upawa. Ya tatu kutoka ncha ya mpini ni Alioth: mabaka yake ya kromu hupita mbele yetu na kurudi kila baada ya siku 5 hivi.