Toa fulana, rudisha mshahara

Jumanne saa nne usiku nimeshavua miwani, simu inaita. Ni mama mmoja, mkurugenzi wa asasi ya huko Mbagala, mtu ninayemheshimu sana. Namwamkia, anaitikia marahaba ya haraka haraka, kisha anasema: "Mwanangu, ile bajeti nimeisafisha. Mishahara yote nimeitoa. Wafadhili hawapendi mishahara."

Nikabaki naitazama feni inavyozunguka. Hii ni mara ya nne tangu mwaka uanze nasikia maneno hayo hayo. Mwenzetu wa Tandale aliambiwa na rafiki. Mwenzetu wa Kigamboni aliambiwa kwenye semina. Aliyetoa semina aliambiwa na nani, hakuna ajuaye. Basi leo naandika, ili wa tano akinipigia nimtumie hii nikalale.

Asasi ya huyu mama inapeleka wataalamu wawili wa fiziotherapia majumbani kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Wanazunguka Mbagala, Chamazi, hadi Kongowe, kwa sababu mama hawezi kila wiki kumbeba mgongoni mtoto wa miaka minane, apande naye daladala mbili hadi hospitali, akae foleni, arudi jioni. Mtaalamu anakuja nyumbani, anamnyoosha mtoto viungo, anamfundisha mama namna ya kumkalisha na kumlisha. Hakuna kingine. Mradi wote ni mikono ya watu wawili.

Sasa toa mishahara ya hao wawili uone kinachobaki. Nilifungua faili usiku ule ule. Kilichobaki: warsha ya uzinduzi, fulana 120, kofia 60, bango, chai na vitafunwa, na mafuta ya gari. Asasi haina gari.

Mtu wa mfuko wa hisani akisoma bajeti hiyo hasemi, "Tazama watu hawa walivyo waadilifu." Anajiuliza nani atamnyoosha mtoto viungo. Bango?

Kosa lenyewe ni kudhani mishahara yote ni kapu moja linaloitwa gharama za uendeshaji. Si kweli. Mshahara wa anayefanya kazi ya mradi ni gharama ya mradi, sawasawa na dawa kwa zahanati au unga kwa mama ntilie. Gharama za uendeshaji ni zile zinazobeba miradi yote kwa pamoja: pango la ofisi, mhasibu, ukaguzi wa hesabu, LUKU, intaneti, sehemu ya muda wa mkurugenzi. Na hata hizo si za kuficha, ni za kugawanya. Hapa ndipo watu wanaponichosha. Anayejua kugawanya bili ya umeme na wapangaji wenzake watano wa nyumba moja, mita moja, akifika kwenye bajeti ya asasi anasema haiwezekani.

Tuhesabu kwa mfano. Wataalamu wawili, kila mmoja 900,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 21,600,000. Ukiandika hiyo peke yake umeshajichoma, maana mwajiri anachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yaani 2,160,000, na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi asilimia 0.5, yaani 108,000. Jumla 23,868,000. Ndiyo bei halisi ya watu wawili, na hapo sijataja bima ya afya. Wengi huandika hela anayoipokea mfanyakazi mkononi, wakasahau na PAYE, ile kodi anayokatwa kwenye mshahara, halafu mwezi wa nane wanaanza kukopa kwenye mradi mwingine ili kuulipia huu.

Mhasibu analipwa 700,000 na anahudumia miradi mitatu. Mradi huu unamla asilimia 40 ya muda, basi unabeba 280,000 kwa mwezi, 3,360,000 kwa mwaka. Utajuaje ni asilimia 40? Kwa karatasi ya muda anayojaza na kusaini kila mwezi. Asiyejaza karatasi ya muda asiandike asilimia yoyote, kwa sababu mkaguzi ataiomba. Pango ni 400,000 kwa mwezi, na mradi unatumia nusu ya nafasi: 2,400,000 kwa mwaka. Kumbuka tu mwenye nyumba wa Dar anataka miezi sita mkupuo, kwa hiyo ratiba yako ya fedha iseme hivyo. Na ile kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango mnaikata nyie na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Mwenye nyumba atanuna, ndiyo kawaida yake.

Vitu vya kununua viandikwe pamoja na VAT, maana ukishailipa dukani asasi yako hairudishiwi. Nimeona mradi wa vitanda ukaisha na vitanda pungufu kwa sababu hiyo tu.

Twende kwenye ile "asilimia kumi". Nikimwuliza mtu kwa nini anaficha, ananijibu: "Si sheria inasema uendeshaji usizidi asilimia kumi?" Sheria ipi? Ninavyoona mimi, chanzo chake ni kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani. Kwa miaka mingi ziliruhusu mpokeaji asiye na kiwango maalumu alichokubaliana nao kujiwekea asilimia 10 ya gharama za moja kwa moja, yaani za mradi wenyewe, baada ya kutoa baadhi ya vipengele, kwa ajili ya uendeshaji. Oktoba 2024 wakaipandisha ikawa 15. Ile ilikuwa njia rahisi ya kudai fedha bila kubishana, na ilihusu fedha za serikali yao. Kufika Kariakoo ikawa amri ya wafadhili wote duniani. Kufika Mbagala ikawa marufuku ya mishahara.

Mifuko binafsi kila mmoja una sera yake. Ford Foundation, mfuko wa Marekani wenye ofisi ya Afrika Mashariki Nairobi, walipandisha kiwango chao cha uendeshaji hadi asilimia 20 mwaka 2016, baadaye 25. Mfuko wa MacArthur, nao wa Marekani, ulifika 29. Wapo wanaotoa 15, wapo wanaotoa 7, na wapo wanaosema wazi hawatoi kitu. Sera ya kila mmoja mara nyingi ipo kwenye tovuti yake, ukurasa ambao hakuna anayeufungua kwa sababu hauna picha za watoto.

Kitu kingine kinachonikera: tunawaogopa watu hawa bila kujua wao wenyewe wanabanwa na nini. Mfuko binafsi wa Marekani unatakiwa na sheria, tangu mageuzi ya kodi ya mwaka 1969, kutoa kila mwaka kiasi fulani kwa kazi za hisani, na sasa ni takriban asilimia 5 ya thamani ya mali yake ya uwekezaji. Asipotoa anatozwa kodi ya adhabu. Kwa hiyo aliye upande wa pili wa meza yako ana kazi ya kutoa, si ya kukunyima. Na ndani ya hiyo asilimia 5 sheria inamruhusu kuhesabu gharama zake halali za kuendesha kazi ya kutoa ruzuku, ikiwemo mishahara ya wafanyakazi wake. Rudia kusoma sentensi hiyo. Mshahara wa anayesoma bajeti yako unahesabika kama hisani, halafu wewe unaona aibu kuandika wa kwako.

Mifuko hiyo pia hujaza fomu ya kila mwaka ya kodi, 990-PF, ambayo ni ya wazi kwa umma. Humo kuna orodha ya waliopewa na kiasi walichopewa. Kabla sijaandika neno la kwanza la andiko dhana, lile ombi fupi la mwanzo, naifungua. Nikikuta mfuko unatoa dola elfu tano hadi elfu kumi kwa asasi, sitaomba elfu themanini hata wakiandika "hakuna kikomo". Dakika ishirini tu, na bado naletewa maandiko ya watu waliofunga siku tatu kuomba wapate ruzuku ambayo mfuko husika haujawahi kutoa kwa ukubwa huo.

Na kwa nini wanauliza maswali kama polisi? Kwa sababu wakitoa fedha kwa asasi ya nje ambayo haijathibitishwa kuwa sawa na asasi ya hisani ya kwao inayochangiwa na umma, sheria inawabebesha wajibu wa kufuatilia matumizi: wakuchunguze kabla, msaini mkataba, utoe ripoti, fedha zao zitunzwe kwenye hesabu zinazotofautishwa na nyingine. Bajeti inayosema "mshahara wa mtaalamu wa fiziotherapia, asilimia 100 ya muda, miezi 12" inamrahisishia kazi yake. Bajeti inayosema "uwezeshaji wa shughuli za mradi, milioni 24" inamlazimu akuulize, na wakati anakuuliza anasoma ya mwenzako.

Sasa niseme yale yasiyofundishwa semina.

Kwanza, sina ushahidi kwamba andiko lolote nililowahi kuandika lilikataliwa au kukubaliwa kwa sababu ya mishahara. Barua za kukataliwa zote zinafanana: maombi yalikuwa mengi, ya kwako yalikuwa mazuri, tunakutakia kila la heri. Mtu akikuambia anajua kwa nini alikataliwa, muulize aliambiwa na nani.

Pili, mimi mwenyewe nimeficha. Mwaka 2017 nilichukua mshahara wa dereva nikauzungusha ndani ya "usafiri". Tulipata fedha. Mwaka uliofuata mkaguzi akaomba risiti za usafiri, na dereva hatoi risiti, dereva anasaini karatasi ya mshahara. Tukarudisha sehemu ya fedha na mfuko ule haukutujibu tena. Siwezi kuulaumu. Mpaka leo nikimwona yule dereva pale stendi ya Mwenge naona haya, kwa sababu tulipobanwa yeye ndiye alikaa miezi miwili bila malipo.

Tatu, wapo wafadhili ambao kweli hawapendi mishahara. Hasa mifuko midogo ya familia, ambako bodi ni baba, mama na watoto wao, na wanataka kuona kisima chenye jina la bibi. Hao wakiandika "hatulipii mishahara", waamini. Usiombe kwao mradi wa fiziotherapia. Omba viti vya magurudumu, mshahara utafute kwingine. Panapokuwa hapaeleweki, mwandikie afisa programu wa mfuko umuulize. Sisi Waswahili tunaona kuuliza ni kumsumbua mkubwa, lakini yule kulipwa kwake ni pamoja na kujibu maswali. Muulize mapema, lakini. Siku mbili kabla ya mwisho anajibiwa mtu mwingine.

Ya makaratasi sitayakalia sana: cheti cha Msajili wa NGO, ripoti za mwaka zilizowasilishwa, hesabu zilizokaguliwa, TIN, muhtasari wa kikao cha bodi, akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja. Kusajiliwa hakukupi msamaha wa kodi ya mapato. Hadhi ya hisani ni uamuzi wa TRA na unaombwa peke yake. Na kwa kanuni za NGO za 2018, mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 unapelekwa Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, jambo ambalo watu hulikumbuka siku ya 40. Lingine dogo: mwisho wa kutuma maombi ukiandikwa "5:00 pm", ni saa kumi na moja jioni, si saa tano usiku. Usicheke. Kuna asasi ilipoteza mzunguko mzima kwa hilo.

Ushindani nao si ule wa zamani. Tangu Marekani isimamishe misaada yake Januari 2025, na USAID, shirika lake la misaada, kuacha kuendesha misaada Julai mwaka huo, waliokuwa wakichota kule wote wamehamia kwenye mlango huu huu mwembamba wa mifuko binafsi. Sasa unapambana na asasi zenye idara nzima ya fedha, ambazo karatasi za muda wanazijaza tangu enzi. Hao hawafichi mishahara.

Nilimweleza mama haya yote kwa simu, kwa ufupi kuliko hapa, ingawa yeye atasema si kwa ufupi. Akanyamaza kidogo, halafu: "Sasa nikiandika 900,000, si wataona tunawalipa sana?" Nikamwambia ni bei ya kumpata mtaalamu asiyekimbilia hospitali binafsi baada ya miezi mitatu, na kwamba mtoto akibadilishiwa mtu kila mara analia upya. Hilo analijua kuliko mimi. Akasema aandike hivyo hivyo kwenye maelezo ya bajeti? Nikamwambia hivyo hivyo, kwa maneno yake.

Saa nane usiku akanitumia faili jipya. Wataalamu wamerudi, NSSF ipo, pango limegawanywa, mafuta ya gari yamekuwa nauli ya bajaji. Fulana zimeondoka zote 120.

Kofia 60 bado zimo. Kesho nampigia.