Kitabu Hiki ni cha Miaka Mingapi?

Tangu shule zilipofunguliwa Januari, swali linaloongoza kwenye kaunta ya watoto ya maktaba yetu si "kitabu cha hesabu kipo?" tena. Ni "mbona kitabu hiki hakijaandikwa umri?" Wapo wanaouliza kwa upole. Wapo wanaokuja wamekishika kitabu kwa ncha za vidole kama samaki aliyeanza kuvunda, wakakiweka mezani na kunitazama. Nimeombwa nitoe ufafanuzi. Haya ni maelezo ya kikazi ya mkutubi wa watoto hapa Mtwara, si tamko la sera. Sera ina wenyewe.

Nianze na sheria, maana huko ndiko maneno yanakopotoshwa zaidi. Mzazi mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba serikali inataka kila kitabu cha hadithi kiwe na umri, kama filamu. Amechanganya. Filamu zina Bodi ya Filamu, iliyoundwa kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976, na ndiyo inayozikagua na kuzipanga kwa madaraja ya watazamaji. Kitabu cha hadithi hakipiti kwenye bodi hiyo. Vitabu vya shuleni navyo vina njia yake: cha kiada huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, cha ziada hupelekwa kuombewa ithibati, na kinapimwa kwa kiwango cha elimu kinachokusudiwa. Hayo maneno "Darasa la Tatu" unayoyaona kwenye jalada ni darasa, si umri. Tena darasa lenyewe limesogea: Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeshusha umri wa kuanza darasa la kwanza hadi miaka 6. Aliyehesabu kwamba darasa la tatu ni miaka tisa inabidi ahesabu upya.

Na ile namba ndefu nyuma ya kitabu, juu ya mistari myeusi, haihusiani na umri wala si kibali cha mtu yeyote. Naomba hili lieleweke, nimelirudia mpaka koo limekauka. Ni ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, yenye tarakimu 13 tangu mwaka 2007. Inaanza na 978 au 979, kisha zinafuata tarakimu za nchi au lugha. Ukikuta 9976 au 9987, jua mchapishaji wake amesajiliwa Tanzania. Tarakimu ya mwisho kabisa ni ya kuhakiki kwamba zilizotangulia hazikukosewa. Basi. Kuna baba aliyetaka kurudisha kitabu kwa sababu namba iliishia na 18.

Sheria ya Mtoto Namba 21 ya 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inampa mzazi wajibu wa kumlinda na mambo yanayohatarisha mwili na maadili yake. Wajibu huo upo, wala sitaki kuupunguza. Lakini angalia sheria inavyotuweka: wa miaka 5 anayejifunza irabu na wa 17 anayesubiri matokeo ya kidato cha nne wote ni watoto. Kwa hiyo ninaposema "sehemu ya watoto" sijasema kwamba kila kilichomo kinamfaa kila mtoto anayeingia. Nilidhani hili linajulikana.

Hofu hii ina historia, nayo naiheshimu. Februari 2023 Waziri wa Elimu alitangaza kupiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa kukiuka maadili, na tangu hapo wazazi wamekuwa wakifungua kurasa ambazo zamani hawakuzifungua. Hilo ni jema. Ila kitabu kilichopigwa marufuku na kitabu kisichoandikwa umri ni vitu viwili. Cha kwanza hukipati kwenye rafu zetu. Cha pili ndicho karibu kila kitabu tulichonacho.

Sasa umri wenyewe. Tuna makasha ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, vingine vimechapwa nyuma kwa Kiingereza kwamba ni vya miaka 8 hadi 12. Mzazi akiona hivyo anatulia, anamkabidhi wa darasa la nne. Wiki inayofuata kitabu kinarudi, kimesomwa kurasa mbili, mtoto kanuna. Kwani ile 8 hadi 12 alipimiwa nani? Alipimiwa mtoto aliyezaliwa ndani ya Kiingereza, anayekisikia tangu tumboni. Mtoto wa Newala anayeongea Kimakonde na bibi yake na Kiswahili na wenzake, Kiingereza kwake ni lugha ya tatu. Namba haikudanganya huko ilikoandikwa. Ilipovuka bahari ndipo ikawa ya uongo.

Hata zahanati hawafanyi hivyo. Mtoto akikutwa na malaria, kabla ya kupewa dawa mseto anawekwa kwenye mizani: kilo 5 hadi 14 kidonge kimoja, 15 hadi 24 viwili, na kuendelea. Watoto wawili wa miaka sita wanaweza kutoka pale na dozi mbili tofauti, na hakuna mzazi anayelalamika.

Mizani ya kusoma haipo kaunta, lakini ipo njia, na hapa naomba subira kidogo. Wengine hutumia vidole: mtoto anasoma ukurasa mmoja, kila neno asilolijua anakunja kidole, vikiisha vitano kitabu ni kigumu. Kwa Kiingereza inasaidia. Kwa Kiswahili inatudanganya, kwa sababu Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto wa darasa la pili aliyeshika silabi zake atakusomea "halmashauri ilighairi" bila kukwama, sauti imenyooka, na hajui hata moja limesema nini. Mama yake pembeni anatabasamu. Mimi huwa nafunga kitabu na kumwambia, "Haya baba, nisimulie." Akinisimulia, kitabu ni chake. Akitazama dari, tunarudi rafu ya chini. Jaribio hilo linachukua dakika tatu na halihitaji kujua alizaliwa lini.

Nitasema na hili, ingawa linatuhusu wenyewe. Maktaba niliyoanzia kazi, si hapa, tuliamua kusaidia wazazi. Tukakata vipande vya karatasi nyeupe, tukaandika kwa kalamu nene: 5–7, 8–10, 11–13, tukabandika kwenye migongo ya vitabu vyote vya watoto. Rafu zilipendeza. Mkuu wetu akaja kutazama, akafurahi.

Kulikuwa na kijana wa darasa la sita, mrefu, nadhani alikuwa na miaka 13 au 14. Alichelewa kuanza shule kama wengi wa huku, na kusoma kwake kulikuwa kwa kuburuta. Kila Jumatano alikuwa anakuja kusoma vijitabu vyembamba vya wanyama, maneno machache, picha kubwa. Alivisoma kwa raha, kwa sababu vilikuwa vya kiasi chake. Jumatano ya kwanza baada ya stika, nilimwona akivuta kijitabu, akageuza mgongo, akaona 5–7. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akakiweka ndani ya daftari lake, akaenda kukaa kona ya nyuma na kukifunika kwa kiwiko. Jumatano ya pili alichukua kitabu kinene cha 11–13 na kukaa nacho saa nzima kwenye ukurasa uleule. Ya tatu hakuja.

Tulitumia karibu wiki kuzing'oa zile stika, kwa wembe na kitambaa chenye mafuta ya taa. Vitabu vingine vina doa la mafuta mpaka leo, huenda. Yule kijana sikumwona tena.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama napendelea umri uchapwe kwenye jalada, jibu langu ni hapana, na sina haja ya kulizunguka. Wala si ubishi wa Mtwara peke yake. Wachapishaji wa Uingereza walipotaka kuanza kuchapa umri kwenye vitabu vya watoto mwaka 2008, waandishi wengi, Philip Pullman akiwemo, walipinga hadharani, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa hiyohiyo ya mtoto atakayeona aibu kushika kitabu "cha wadogo". Wachapishaji nao hawakuwa wajinga. Walisema anayenunua kitabu mara nyingi ni mtu mzima anayetafuta zawadi, hajui pa kuanzia, na namba ingemsaidia. Ni kweli. Mjomba aliyetoka kuuza korosho, mfuko umeshiba mara moja kwa mwaka, anaingia duka la vitabu na anataka aambiwe "chukua hiki." Huyo namwelewa. Ila mwenye duka anaweza kumwuliza swali moja: mtoto anasoma nini sasa hivi?

Ninachokitaka mimi ni mstari mmoja ndani, ukurasa wa haki za uchapishaji, unaosema kiwango cha kusoma na kilichomo. Kiwango kinawezekana: hadithi za African Storybook, ambazo zinapatikana bure hata kwa Kiswahili, zimepangwa kwa viwango vya usomaji, na mtoto mkubwa anaweza kuanzia kiwango cha kwanza bila mtu kumtajia miaka yake. Kilichomo nacho kisemwe wazi: kuna kifo cha mzazi, kuna vita, kuna mabadiliko ya mwili. Mzazi asome, aamue. Jalada liachwe kwa mtoto.

Hayo mabadiliko ya mwili ndiyo yanaleta kelele. Vitabu vya afya ya ukuaji tunavipanga namba 612.6, kwa namba za mada za maktaba, rafu ya watu wazima iliyo jirani na watoto, na havitoki bila mzazi au mlezi kuwepo. Alikuja mama kutoka Tandahimba kulalamikia kimojawapo, kina mchoro unaoeleza hedhi, akasema binti yake wa miaka 11 bado mdogo mno. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Binti mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake, kichwa kimenyolewa, nywele ndiyo zinaanza kuota, ametoka unyagoni Desemba. Mimi ni mtoto wa huku, najua wanachofundishwa kule, na najua pia kwamba si kazi yangu kukisema kaunta. Nikampa fomu ya malalamiko.

Na huku tukilalamikia mchoro, rafu ya 398.2, ya ngano, hakuna anayeigusa. Huko kuna zimwi linalomeza kijiji kizima na ng'ombe wake, kuna mama wa kambo anayemzika mtoto akiwa hai. Tumesimuliwa hayo gizani tukiwa na miaka minne, paukwa, pakawa, na tukalala.

Sasa utaratibu, maana wengi wanauruka. Malalamiko hayapokelewi kwa mdomo, wala kwa picha ya ukurasa mmoja kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Ukurasa mmoja ukiutoa peke yake, hata kitabu cha dini kitakushtua. Omba fomu kaunta, haina malipo. Jaza jina, namba ya kadi, jina la kitabu, na namba ya usajili wa kitabu, ile iliyogongwa muhuri ndani ya jalada, si ISBN. Taja ukurasa na aya. Kuna kisanduku kinachouliza kama umesoma kitabu chote, ndiyo au hapana. Jibu ukweli, "hapana" haifuti lalamiko lako. Kitabu kitatolewa kwenye rafu na kukaa ofisini, watumishi wawili watakisoma kila mmoja kivyake, kisha utajibiwa kwa maandishi. Kinaweza kubaki, kuhamishiwa rafu nyingine, au kupelekwa ngazi ya juu. Ikiwa unadhani ni chapisho la ngono, hilo si suala la fomu, ni la Kanuni ya Adhabu, na huko wanahusika polisi.

Kadi ya mtoto inataka fomu yake, picha, na mdhamini mtu mzima anayesaini. Anayesaini ndiye anayedaiwa. Kuchelewesha kuna faini ya kila siku, kiwango kimebandikwa mlangoni. Kupoteza au kuharibu ni kulipa kitabu kingine kilekile, au thamani yake na gharama ya kukiandaa upya: muhuri, usajili, kuvalishwa plastiki. Kuchana ukurasa ni kuharibu, hata kama umeuchana kwa nia njema.

Nalitaja hilo kwa sababu limetokea. Kitabu kilirudi kikiwa chepesi, kutoka ukurasa wa 14 kinarukia 19. Mdhamini alikuwa bibi. Tulipompigia simu hakubisha hata kidogo. Alisema alizitoa kabla mjukuu hajafika hapo, akaja kesho yake na karatasi zote mbili, zimekunjwa kwenye pindo la kanga, ambapo wengine huweka hela. Mule ndani anakufa bibi wa kwenye hadithi. Hatukumtoza. Tulizibandika kwa gundi, na kitabu kinaazimwa. Ukikifungua katikati kinakwaruza kidogo.