"Was" siyo "li" yetu: dhana potofu kuhusu Kiingereza cha jana

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa darasa la jioni, dereva anayejiandaa kwa usaili wa kampuni ya utalii, alisimama akajieleza: "I was work in Moshi for five years. I was drive tourists." Nikamuuliza, kaka, hiyo "was" inafanya kazi gani hapo? Akajibu bila kusita: "Mwalimu, si ndiyo 'li'? Nilifanya kazi, niliendesha." Jibu hilo nimelisikia kwa makarani, kwa wauguzi, kwa mafundi simu, hata kwa watu wanaofundisha wenzao. Nimechoka kulisahihisha mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika hapa lote.

Dhana: "was" na "were" ni alama ya wakati uliopita, kama "li"

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu mtu akishaishika inaharibu kila sentensi atakayosema kuhusu jana.

"Was" ni kitenzi kizima. Ni "kuwa" kilichokwisha kupita, na maana yake ni "nilikuwa" au "alikuwa", ikiwa na "li" yake tumboni. Anayesema "I was work" amesema "nilikuwa fanya kazi". Kiingereza hakina kiambishi cha kupachika mbele ya kitenzi ili kionyeshe jana. Kitenzi chenyewe ndicho kinachobadilika, ama mwishoni kama "worked", ama katikati kama "drive" inavyokuwa "drove".

Kosa hili lina chanzo, na siwalaumu wanafunzi. Tazama sentensi za mwanzo kabisa tunazowapa. Nilichoka, "I was tired". Nilishiba, "I was full". Alikasirika, "she was angry". Tulichelewa, "we were late". Nilizaliwa Tanga, "I was born in Tanga". Mtu mwenye akili zake akizipanga safu mbili ataona "nili-" huku na "I was" kule, sentensi baada ya sentensi. Atahitimisha nini kingine? Hakuna aliyemwonyesha kwamba lugha hizi mbili zimegawana kazi kwa namna tofauti. Sisi tunaeleza hali hizo kwa vitenzi: kuchoka, kushiba, kukasirika, kuchelewa. Mwingereza anazieleza kwa vivumishi. "Tired", "full", "angry" na "late" yako kundi moja na "tall" na "sick".

Kivumishi hakiwezi kubeba wakati. Hata kwetu hakiwezi: hakuna anayesema "nilimgonjwa", tunasema "nilikuwa mgonjwa". Hapo hapo ndipo "I was sick" inapokaa, na hapo Kiswahili na Kiingereza vinaenda sambamba kabisa. Laiti walimu wote wangeanza na "nilikuwa mgonjwa" badala ya "nilichoka", nusu ya kazi yangu ingekwisha.

Kwa hiyo maumbo yako mawili, na hayachanganywi. La kwanza ni kiwakilishi kikifuatwa na kitenzi kilichopita: "She laughed." "They left." "I agreed." La pili ni kiwakilishi, kisha "was" au "were", kisha kivumishi: "She was happy." "They were late." Kabla hujafungua mdomo jiulize neno linalokuja ni kitenzi au kivumishi. Ukisita, lijaribu na "very". "Very tired", "very late", "very angry" yanakubali, basi weka "was". "Very work", "very go", "very agree" yanakataa, basi achana na "was" na ubadilishe kitenzi chenyewe. Yapo machache yanayokataa "very" na bado yanataka "was", kama "born", lakini hayo utayakariri kwa siku moja.

Kuna watakaoniuliza, mbona watu husema "I was driving" na "I was told"? Ni kweli, na kila moja ina maana yake. "I was driving" ni nilikuwa naendesha, tendo lilikuwa linaendelea. "I was told" ni niliambiwa, kauli ya kutendwa. Na hapa ndipo hatari ilipo. Karani mmoja alitaka kusema kwamba alimpigia meneja simu, akasema "I was called the manager". Aliyemsikia alielewa kwamba karani huyo aliitwa meneja. Maana iligeuka kwa neno moja lisilohitajika.

Dhana: sentensi ya jana lazima ionyeshe jana kila mahali

Matokeo yake ni "I didn't went" na "Did you saw him?" Hili nalo lina mizizi nyumbani. Tunasema "walikuwa wamefika", "alikuwa anasoma", na kila kitenzi kinakuja na nafsi yake na alama yake ya wakati. Sikio letu limezoea kusikia mara mbili. Kiingereza huonyesha wakati mara moja, kwenye kitenzi cha kwanza tu. "Did" ikishaingia imeuchukua wakati wote, na "went" inarudi kuwa "go": "I didn't go." "Did you see him?"

Mwanafunzi akikwama, namwambia akanushe "nilikwenda". Atasema "sikwenda". Ile "li" imetoka yenyewe. Hakuna anayesema "sikulikwenda". "I didn't went" ina kasoro ile ile, na ukiisikia hivyo huirudii. Wanaosoma Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hukutana na "the world knew him not" katika Yohana, ambapo kitenzi kimebaki na jana yake na kukanushwa bila "did". Kiingereza cha zamani kiliruhusu hivyo. Cha leo hakiruhusu.

Ila "was" haihitaji "did". Ni "she was not happy". Kamwe usiseme "she didn't was happy".

Mengine ninayoyasikia kila muhula

"You was" kwa mtu mmoja na "you were" kwa wengi. Hapana. "You" inachukua "were" hata kama unaongea na mtu mmoja, kwa sababu asili yake ilikuwa nafsi ya wingi. Ya umoja ilikuwa "thou", nayo imeachwa.

"My mother she came yesterday." Hii ni "a-" ya "mama alikuja" inayotafuta mahali pa kukaa. Kiingereza kinataka kimoja tu, nomino au kiwakilishi: "My mother came" au "She came". Upande wa pili wako wanaoangusha vyote wakaandika "Was very tired", wakidhani nafsi imo ndani ya kitenzi kama kwetu. Haimo. Itaje.

Kivumishi kupatanishwa na nomino, "bigs houses", kwa kuwa nyumba ni nyingi. Kivumishi cha Kiingereza hakina ngeli wala wingi. "Big house", "big houses", basi.

Kila kitenzi kuongezwa "-ed". Vitenzi visivyofuata kanuni hiyo ndivyo vinavyotumika zaidi kila siku: kuwa, kufanya, kusema, kwenda, kuona, kuchukua. Usitafute mantiki katika "went". Ni jana ya kitenzi kingine cha zamani, "wend", ambayo "go" iliichukua ikawa yake. Kariri vitenzi 30 unavyovihitaji kazini, katika sentensi nzima zenye kiwakilishi, kwa sauti. Orodha kavu ya safu tatu haijawahi kumsaidia mtu yeyote niliyemfundisha kuzungumza.

"I was boring" kwa maana ya nilichoshwa. Uliyechoshwa ni "bored"; "boring" ni kile kilichokuchosha. Kwenye usaili, "I was very interesting in this job" ni kujisifu kwamba wewe unavutia.

La mwisho ni la mdomo. Wengi hutamka "-ed" kama silabi kila mara, "wokedi", "pledi". Silabi huongezeka pale tu kitenzi kinapoishia kwa sauti ya t au d, kama "wanted" na "needed". "Worked" ni silabi moja inayoishia kwa t, "played" ni silabi moja inayoishia kwa d. Yule dereva sasa anaandika "I worked in Moshi, I drove tourists, I was happy there" bila kosa. Kinachombakisha darasani ni hiyo t ya "worked", na anaifanyia mazoezi akiwa kwenye usukani.